Sibiloi: simba wako kwenye orodha, porini je?

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi. Msinilaumu, stima ya hapa Isiolo mnaijua, na pesa ya saiba nayo haijileti yenyewe. Leo nimepata saa nzima, kwa hivyo wacha niandike kitu ambacho kimenikaa kichwani tangu mwezi uliopita.

Kuna jamaa na mkewe walikuja hapa saiba, Wakenya wa Nairobi, wamechomeka na jua mpaka midomo imepasuka. Walikuwa wanatoka Sibiloi, kule Ziwa Turkana, wakataka kutumia watu picha kabla hawajaendelea na safari. Mimi nilikuwa kompyuta ya kando, na macho hayana pazia. Nikaona ziwa. Nikaona mamba. Nikaona ndege wengi wa majini, magogo ya miti yaliyogeuka mawe, swala wachache kwa mbali, halafu ngamia, mbuzi, mbuzi tena, ngamia tena. Nikamuuliza, "Na simba?" Jamaa akacheka kile kicheko cha mtu aliyetumia pesa nyingi. Akatoa karatasi aliyochapisha kabla ya safari, mambo ya utalii yale. Imeandikwa: simba, duma, chui, twiga, punda milia wa aina mbili, choroa, nyamera, tandala mdogo, swala twiga, fisi milia, kiboko. Siku nne mbugani, na kati ya wote hao waliona kiboko tu.

Akaniuliza, "Ndugu, wewe ni wa huku. Kwani hao wanyama wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa kaskazini, nimesoma kaskazini mpaka kidato cha nne, na Sibiloi sijawahi kufika. (Usinicheke. Wewe uliye Nairobi umeingia ile mbuga ya Lang'ata mara ngapi?) Lakini swali lake lilinisumbua, nikaanza kusoma kila nikipata dakika hapa saiba. Haya ndiyo niliyoyapata, na ndiyo maoni yangu. Mnaweza kupinga hapo chini.

Kwanza tujue tunaongea kuhusu nini. Sibiloi iko upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, juu kule karibu na mpaka wa Ethiopia. Ilitangazwa mbuga ya kitaifa mwaka 1973. Ukubwa wake ni kilomita mraba 1,570. Hifadhi ya Maasai Mara yenyewe, bila zile za jamii zinazoizunguka, ni kama 1,510. Ndiyo, umesoma sawa. Sibiloi ni kubwa kuliko Mara, na Wakenya wengi hawaijui hata jina. Mwaka 1997 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi za dunia pamoja na Kisiwa cha Kati, kile chenye mamba, na mwaka 2001 wakaongeza Kisiwa cha Kusini.

Sifa ya Sibiloi duniani imetoka kwa mifupa. Richard Leakey alianza kuchimba pale Koobi Fora 1968, na 1972 Mkenya anayeitwa Bernard Ngeneo akapata lile fuvu maarufu linaloitwa 1470, la binadamu wa zamani wa karibu miaka milioni mbili. Ukienda leo unaonyeshwa pia mabaki ya kobe mkubwa ajabu, ya ndovu wa kale na ya mamba wa aina ambayo haiko tena. Kwa hivyo wanyama walioisha wanaonekana bila shida. Wako pale pale, wamejengewa na kibanda. Shida ni wale wanaosemekana wako hai.

Kufika huko nako ni kazi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) wenyewe wanasema ni safari ya siku tatu kwa gari kutoka Nairobi, kupitia Marsabit na North Horr. Mpaka Marsabit ni lami siku hizi, unateleza tu. Baada ya hapo unaingia Chalbi. Chalbi ikiwa kavu ni kama uwanja wa ndege usio na mwisho. Ikinyesha ni tope, na gari likizama hapo unangoja. Kwa hivyo wanaofika ni wachache, na hii kitu ya uchache wa wageni muishike, nitairudia.

Sasa, je, yule jamaa alidanganywa?

Nusu ndiyo, nusu hapana. Wacha nianze na hapana, kwa sababu hapa wengi wetu tunakosea. Tumezoea picha za Mara kwenye televisheni, nyumbu maelfu wanavuka mto, simba amelala kando ya gari. Tunadhani mbuga ni hiyo. Jangwa halifanyi kazi hivyo. Kule Turkana mvua ya mwaka mzima ni chini ya milimita 250, na miaka mingine hakuna ya maana. Nyasi hakuna ya kulisha makundi ya maelfu. Jangwa linaweza kuwa na AINA nyingi za wanyama, lakini kila aina ina wachache, na hao wachache wametawanyika, tena wanahama kufuata wingu. Leo wako hapa, mwezi ujao wako kilomita mia kutoka hapa, nje ya mbuga kabisa, kwa sababu mnyama hajui mpaka wa serikali uko wapi.

Halafu wamejifunza kujificha na jua. Choroa anaacha mwili wake upate joto mpaka upite digrii 40 kabla hajaanza kutoa jasho, ili asipoteze maji. Wewe na mimi tungekuwa hospitali. Swala twiga anasimama kwa miguu ya nyuma, anakula majani ya juu, na maji yake mengi anayapata humo humo kwenye majani, kwa hivyo usimngoje mtoni. Punda milia wa Grevy, yule mkubwa mwenye mistari myembamba na masikio ya mviringo, anaweza kukaa hata siku tano bila kunywa, ila mama mwenye mtoto hawezi, yeye hawezi kwenda mbali na maji. Fisi milia anatembea usiku. Mgeni naye anatembea saa nne asubuhi, injini inanguruma, vumbi juu. Atakutana na nani?

Kwa hivyo kutoona si sawa na kutokuwepo. Hilo ningemwambia jamaa pale pale kama ningelijua.

Linganisha na Etosha ya Namibia. Nayo ni nchi kavu, katikati kuna bonde kubwa la chumvi, lakini mtalii anatoka huko akiwa ameona ndovu, faru, simba, choroa, wote. Kwa nini? Kwa sababu kuna visima vya maji, na kambi kama Okaukuejo ina kisima kimewekewa taa. Mgeni anakaa kwenye benchi usiku na chai yake, wanyama wanakuja wenyewe. Si kwamba jangwa lao lina baraka kuliko letu. Wamepanga jinsi ya KUONA. Na kwa sababu dunia inaiona Etosha, Septemba 2025 moto ulipoteketeza karibu theluthi moja ya mbuga hiyo, serikali ilituma mamia ya wanajeshi kuzima, na habari ilikuwa kila mahali. Mimi mwenyewe niliisoma hapa saiba siku hiyo hiyo.

Sasa niambie ni lini mara ya mwisho ulisoma habari ya Sibiloi siku hiyo hiyo.

Haya, twende kwa ile nusu ya ndiyo. Hii ndiyo inaumiza.

Wanyama wa Kenya wamepungua kweli kweli. Watafiti waliochambua hesabu za kutoka angani, zile ambazo serikali imekuwa ikifanya kwa ndege tangu 1977, walitoa ripoti 2016: kwenye nchi kavu za malisho wanyamapori walipungua kwa wastani wa asilimia 68 hadi mwaka huo. Yaani kati ya kila wanyama watatu ambao baba zetu waliwaona, wawili wameenda. Punda milia wa Grevy walikuwa karibu 15,000 miaka ya sabini. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, ya 2021, ilipata 2,649 Kenya nzima. Na Kenya ndiko karibu wote duniani waliko, waliobaki ni kidogo tu Ethiopia. Mnyama huyu aliitwa jina la rais wa Ufaransa, Jules Grévy, mwaka 1882, baada ya mfalme Menelik kumpelekea mmoja kama zawadi. Ufaransa walipata jina, sisi tuna punda. Tukimpoteza sisi, amepotea dunia yote.

Halafu ukaja ukame. Misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Hakuna mtu wa kaskazini anahitaji kukumbushwa. Novemba 2022 wizara ya utalii ilitoa hesabu ya wanyama waliokufa kati ya Februari na Oktoba mwaka huo: ndovu 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, nyati 51, punda milia wa Grevy 49, twiga 12. Hao ni waliopatikana. Sasa fikiria: mzoga wa Amboseli unaonekana, kuna magari ya watalii, kuna watafiti wamekaa pale miaka hamsini. Mzoga ulio nyuma ya kilima huko Sibiloi unaonwa na nani? Na fisi? Yeye haandiki ripoti.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa shida yenyewe, na ndiyo maana naandika. Orodha ya wanyama wa mbuga inaandikwa mara moja. Mtu aliona simba miaka hiyo, akaandika "simba". Kitabu kikanakili, kampuni ya utalii ikanakili kitabu, tovuti ikanakili kampuni. Sasa simba akiisha, nani anafuta? Pale Mara simba mmoja mwenye jina akifa watu wanalia mtandaoni. Kule jangwani mnyama anaweza kuisha leo na aendelee kuishi kwenye karatasi miaka thelathini. Orodha ndiyo ya mwisho kufa!

Siongei kwamba fulani ameisha Sibiloi. Nasema tunaweza kumpoteza twiga wa mwisho wa pale bila mtu yeyote kujua ilikuwa siku gani.

Wengine wenu mtasema, si UNESCO ilishaliona? Ndiyo, na hapa kuna kitu cha kuangalia kwa makini. Mwaka 2018 UNESCO iliweka mbuga za Ziwa Turkana kwenye orodha ya turathi zilizo hatarini. Sababu kubwa ilikuwa bwawa la Gibe III huko Ethiopia, la megawati 1,870, kwenye Mto Omo, ambao unaleta karibu asilimia 90 ya maji ya ziwa letu. Walianza kulijaza 2015, likazinduliwa Desemba 2016, na katika miaka ile miwili ziwa lilishuka kama mita moja na nusu. Hilo si jambo dogo. Ziwa likishuka, samaki wanakosa zile sehemu za maji mafupi za kuzalia, mvuvi anakosa, mamba anakosa. Halafu kuanzia 2019 na 2020 mvua kubwa zikanyesha, maji yakapanda kweli kweli, mpaka nyumba na hata makaburi ya watu wa El Molo yakaingiwa na maji. Kwa hivyo mtu akikuambia leo "ziwa linakauka" mwambie asome tena. Kinachobaki kuwa hatari ni kwamba bomba sasa liko mkononi mwa mwingine, na mto hautafuriki tena ule mtindo wake wa zamani ambao samaki walikuwa wameuzoea.

Lakini bwawa halijamuua choroa hata mmoja. Hili watu hawapendi kulisema. Kulaumu Addis Ababa ni rahisi, hakuna mtu wa Nairobi atakosa kura. Ile kamati ya UNESCO imetaja pia, tena zaidi ya mara moja, mifugo kulishwa ndani ya mbuga na uwindaji haramu. Haya ni ya kwetu. Hayahitaji balozi.

Na hapa naomba mnisikilize polepole kwa sababu mimi ni mtoto wa wafugaji. Mtu wa mjini akisikia "mifugo ndani ya mbuga" anasema watolewe, basi. Ukame ule ule ulioua ndovu 205 uliua mifugo zaidi ya milioni mbili Kenya. Mzee wa Kigabra au wa Kidasenach ambaye mbuzi wake wanakufa mmoja mmoja, na anajua kuna nyasi kidogo upande ule wa bango la serikali, utamwambia nini? Bango halilishi watoto. Akiingia na mbuzi mia tatu, choroa na punda wanasukumwa. Akikaa karibu na maji usiku, punda mama anaogopa kuja kunywa, na yule mtoto wake ndiye anakufa kwanza. Hakuna aliyempiga risasi. Mambo ni hivyo, polepole tu.

Ongeza bunduki. Eneo lile ni la mpakani, jamii zinaibiana mifugo, kila upande una silaha. Kijana aliyekaa na bunduki malishoni wiki mbili na njaa, akiona swala, anafanya nini? Simtetei. Naeleza.

Halafu askari wa wanyamapori. Mbuga nyingi za KWS hazijilipii, ni chache zenye watalii wengi zinazobeba zingine. (Na kwa taarifa yenu Mara haiko chini ya KWS, ni ya kaunti ya Narok, kwa hivyo ile pesa mnayoiona pale haifiki huku.) Mwaka 2024 Kenya ilipata wageni karibu milioni 2.4 kutoka nje. Wangapi walienda Sibiloi? Nyinyi mnajua barabara ilivyo. Sasa zungusha hiyo hesabu: hakuna wageni, hakuna pesa, hakuna magari ya doria ya kutosha, wanyama wanapungua, mgeni anakuja haoni kitu, anarudi anawaambia wenzake usiende. Yule jamaa wa saiba ameshawaambia wenzake, nilimwona akiandika.

Kwa hivyo tufanye nini? Hapa ndipo nina wazo, na si langu lote, limeshafanyika hapa hapa kwetu.

Mwezi wa Januari 2016 kulifanyika kitu kinaitwa Great Grevy's Rally. Mamia ya watu wa kawaida, wakiwemo watoto wa shule, maskauti wa jamii na watu waliokuja kutoka Nairobi, walipewa kamera na kugawanywa maeneo yote ya kaskazini. Kazi yao moja: siku mbili, piga picha kila punda milia wa Grevy unayemwona, na umpige upande wa KULIA. Kwa nini kulia? Kwa sababu mistari ya punda ni kama alama za vidole vyako, hakuna wawili sawa. Ukichanganya kulia na kushoto utamhesabu mara mbili. Programu ya kompyuta inasoma mistari, inasema huyu ni yule wa jana, huyu ni mpya. Wakapata hesabu ya 2,350 Kenya. Wakarudia 2018, wakapata 2,812. Profesa hakuhitajika kumwona kila punda. Ni macho ya watu tu, yamepangwa.

Kabla ya hapo, tangu 2007, kuna shirika linaitwa Grevy's Zebra Trust ambalo limekuwa likiajiri wafugaji wenyewe kuwa maskauti, wakiwemo akina mama, watembee na kuandika walichoona. Hao hao ambao wengine wanawaita adui wa wanyama.

Mimi nauliza, Sibiloi nayo isiwe hivyo kwa nini? Jangwa lile halina watalii, sawa, lakini halina upungufu wa macho. Mchungaji yuko pale siku 365. Mvuvi wa Ileret yuko pale. Dereva wa lori wa North Horr anapita usiku, saa ile fisi milia anatembea. Mjomba wangu ameendesha lori njia hizo zaidi ya miaka ishirini. Nilimpigia simu kumuuliza. Akaniambia bila kufikiri wapi alikuwa anaona mbuni zamani, wapi anawaona sasa, mwaka gani aliacha kuona twiga kandokando ya ile barabara. "Hakuna mtu ameniuliza," akasema. Najua neno la dereva mmoja si sensa. Lakini neno la madereva hamsini, na tarehe, na mahali, na picha ya simu, hilo linaanza kuwa kitu. Simu yenye kamera siku hizi hata mchungaji anayo. Mtandao hauko mbugani, lakini picha inangoja, siku akifika sokoni inatoka.

Na wale wageni wachache wanaofika, kila mmoja ni wa thamani kuliko ada anayolipa langoni. Akae na karatasi: ulimwona nani, wangapi, wapi, saa ngapi. Na muhimu zaidi, ulitafuta siku ngapi BILA kumwona. Yule jamaa alidhani amerudi mikono mitupu. Kumbe siku nne bila punda wa Grevy ni habari, kama mia wengine wakiandika yao kando yake. Ilikuwa tu hakuna mahali pa kuiweka.

Kuna mtu atauliza, na mfugaji anafaidika na nini? Swali zuri, na ndilo gumu. Skauti alipwe, hiyo ni moja. Ya pili, hesabu hiyo iwe yake pia. Ikionekana punda mama wanatumia kisima fulani miezi fulani, wazee wanaweza kukubaliana mifugo inywe mchana na usiku kisima kiachiwe wanyama. Mapatano ya namna hiyo si mageni kwa wafugaji, wazee wa malisho wamekuwa wakipanga nani anywe lini kabla KWS haijazaliwa. Kitu ambacho hawawezi kupatana nacho ni orodha ya utalii inayosema kuna simba wakati wao wanajua hakuna, au inayosema hakuna kitu wakati simba amekula ngamia wao juzi na hakuna aliyewalipa.

Kitu kimoja cha mwisho. Novemba 2024 wanasayansi walitangaza nyayo zilizopatikana pale Koobi Fora, za miaka milioni moja na nusu. Tope la kando ya ziwa likakauka na nyayo ndani. Kuna za aina mbili tofauti za viumbe wa jamii ya binadamu, walipita ufuo ule ule kwa muda wa saa au siku chache, na kuna nyayo za ndege wakubwa kama korongo pamoja nao. Huyu alipita, yule akapita, ndege akapita, na tunajua. Miaka milioni moja na nusu baadaye tunajua ni nani alikuwa ufuoni siku hiyo. Wiki iliyopita ufuoni hapo hapo alipita nani, hatujui.

Dakika zangu zimebaki nne na mwenye saiba ameanza kuniangalia. Kama umewahi kupita njia za North Horr, Ileret, Loiyangalani au umeingia Sibiloi yenyewe, andika hapo chini: mwaka gani, wapi, uliona nini. Hata kama hukuona kitu, andika hivyo hivyo. Usitaje mahali hasa pa mnyama anayewindwa, majangili nao wanasoma. Nitazikusanya zote, na yule jamaa wa Nairobi kama unasoma hii, anza wewe. Siku nne, kiboko, mamba, swala. Swala walikuwa wangapi?